Mwanangu yuko kwenye dawa za saratani ya damu, sasa ngozi imemtoka manundu. Nisubiri kliniki?

Shikamoo Dokta,

Naandika nikiwa Muheza, Tanga. Nina watoto wawili. Wa kwanza ana miaka saba, na mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya damu, ile wanayoiita ALL, baada ya homa zisizokwisha, kupauka, na kulia usiku kwamba miguu inauma. Tulilazwa miezi kadhaa katika hospitali ya rufaa Dar es Salaam. Amepigwa dripu za kemo, nywele zikaisha, akakonda akanenepa tena, na mwisho wakatuambia damu na uboho wake vimekuwa safi, turudi nyumbani tuendelee na vidonge. Sasa anakunywa merkaptopurini kila usiku, methotreksati mara moja kwa wiki, na septrini kwa siku tulizopangiwa. Kila baada ya wiki nne tunapanda basi kwenda kliniki, anachomwa sindano ya mshipa na kupewa vidonge vya steroidi vya siku tano.

Kinachonitesa sasa ni ngozi. Tangu mchanga alikuwa na pumu ya ngozi, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ikikauka na kuwasha, kwa hiyo vipele kwake si kitu kigeni. Wiki mbili zilizopita alianza kujikuna usiku, katikati ya vidole na kiunoni. Nikajua ni ileile pumu yake. Lakini tangu Jumamosi yametoka manundu mengine kabisa, kwenye mikono, shingoni na moja shavuni. Yameinuka, yana rangi ya zambarau, ni magumu, na ukiyagusa analia. Moja limetoka palepale nyuma ya kiganja walipomchoma mara ya mwisho. Juzi usiku mwili ulikuwa wa moto, nikampa panadoli na kumpangusa kwa kitambaa, asubuhi akaamka anacheza.

Nilikwenda duka la dawa. Kijana pale akaniuzia krimu, akasema ina dawa tatu ndani yake: ya fangasi, ya bakteria na ya mwasho. Siku mbili za kwanza niliona kama yanafifia, sasa yamerudi kwa nguvu. Mama mkwe anasema ni tetekuwanga iliyotaka kutoka ikazuiwa. Ameniletea majani ya mwarobaini nimwogeshee, na mzizi wa kuchemsha anywe ili sumu ya kemo itoke. Jirani amewakataza wanawe wasije kwangu. Na mdogo wake wa miaka miwili analala naye kitanda kimoja.

Dokta, hofu yangu kubwa siwezi kuitamka mbele ya mume wangu. Je, saratani imerudi na sasa inatokea kwenye ngozi? Na je, ile pumu ya ngozi ndiyo iliyogeuka ikawa saratani, maana nimempaka kila aina ya mafuta tangu akiwa mdogo? Kliniki yetu ni baada ya wiki mbili na nusu. Nauli si ndogo, na naona aibu kuwasumbua madaktari kwa vipele. Nisubiri?

Mama wa Muheza

JIBU

Marahaba, mama.

Barua yako haikungoja zamu ya kuchapwa. Siku ileile ilipotufikia tulikupigia kwa namba uliyoacha, na kabla ya usiku kuingia mtoto alikuwa tayari hospitalini, ameshawekewa dripu ya antibiotiki. Umeturuhusu kuichapa kwa ajili ya wazazi wengine ambao nao wanahesabu siku za kliniki. Kwenye simu tulizungumza kwa haraka. Hapa naeleza kwa kirefu, na nitaanza na lile la homa kwa sababu ndilo lililonifanya nisitulie.

Mtoto aliye kwenye kemo akifika nyuzi joto 38, hiyo ni dharura, iwe saa nane mchana au saa nane usiku, hata kama anacheza. Dawa zinazoua chembe za saratani hupunguza pia chembe nyeupe zinazopigana na bakteria. Chembe hizo zikishuka sana, bakteria akiingia kwenye damu anaweza kummaliza mtoto kwa saa chache. Ndiyo maana wodi za saratani za watoto hujitahidi antibiotiki ya mshipa iingie ndani ya saa moja tangu mtoto afike. Panadoli ilishusha joto lakini haikugusa kilicholileta. Kuanzia sasa pima kwanza kwa kipimajoto, andika namba na saa, piga simu wodini, na panadoli mpe wakikuambia. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini usimpe, maana hizo huvuruga kazi ya chembe sahani zinazogandisha damu. Sindano ya msuli ya zahanati ikatae, na dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa pia. Tena ukumbuke kwamba siku anazokunywa vidonge vya steroidi homa inaweza isipande kabisa hata kama ana maambukizi. Siku hizo mtoto aliyelegea, anayetetemeka au anayepumua haraka ni dharura hata kipimajoto kikisema 37.

Sasa manundu. Unataka kujua ni nini, na ningependa sana kukupa jina moja. Lakini manundu magumu, yenye maumivu, yenye rangi ya zambarau, kwa mtoto mwenye saratani ya damu, yanaweza kuwa mambo manne yasiyofanana hata kidogo, na kwa macho peke yake hata bingwa wa ngozi aliyekaa kazini miaka thelathini hawezi kuyatenganisha.

La kwanza ni maambukizi. Bakteria aliyeko kwenye damu anaweza kujitokeza kwenye ngozi. Kuna mmoja, Pseudomonas, ambaye huanza kama doa la rangi ya damu, na ndani ya siku moja katikati panakuwa peusi na kuoza. Fangasi wa ndani nao hutoa vinundu. Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba usaha hutengenezwa na chembe nyeupe. Zikiwa chache, mtoto anaweza kuwa na jipu la hatari lisilotoa usaha hata tone. Kwa hiyo maneno ya mtaani, "halijaiva, tusubiri", kwa mtoto wako hayafai.

La pili ni dawa zenyewe. Sindano anayochomwa kliniki, kwa jinsi ulivyoieleza, bila shaka ni vinkristini, na hiyo ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Kwa sababu nundu moja lipo palepale walipomchoma, nilikuomba uwaambie madaktari tarehe ya sindano na kama alilalamika inawaka wakati inaingia. Sitarabini, ambayo watoto wengi wa ALL hupewa katika hatua za mwanzo, huweza kufanya viganja na nyayo kuvimba, kuuma na hatimaye kubambuka. Septrini na alopurinoli (dawa ya kulinda figo mwanzoni mwa kemo), ingawa ni mara chache, huleta mzio mbaya wa ngozi: malengelenge, macho mekundu, vidonda mdomoni na sehemu za siri. Ukiona hivyo usimpe dozi inayofuata kabla ya kuzungumza na daktari.

La tatu ni saratani kujipenyeza kwenye ngozi. Hii ndiyo hofu yako, na nakujibu wazi kwamba ipo lakini ni adimu, na huonekana zaidi kwa watoto wachanga na kwa aina nyingine ya saratani ya damu iitwayo AML. Mara nyingi vinundu vyake haviumi. ALL inaporudi kwa kawaida huonekana kwenye uboho, kwenye maji ya uti wa mgongo, au kwa wavulana kwenye korodani, ambayo huvimba bila maumivu. Hilo la korodani umwangalie unapomwogesha. Manundu yanayouma pamoja na homa, uboho ukiwa ulikuwa safi, si jambo linalonipeleka kwanza kwenye wazo la kurudi kwa saratani. Wataangalia damu yake na watakuambia.

La nne ni lile ambalo watu wengi, hata watumishi wa afya wengi, hawajalisikia: ngozi kuwaka bila mdudu yeyote. Chembe nyeupe zinajikusanya kwenye ngozi kana kwamba kuna adui, na hakuna adui. Mwaka 1964 daktari wa ngozi wa Uingereza, Robert Douglas Sweet, aliandika kuhusu wanawake wanane waliopata homa ya ghafla na mabaka yaliyovimba, yenye maumivu, usoni, shingoni na mikononi. Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake, na tunajua kwamba mara nyingine hufuatana na saratani ya damu, AML hasa, kwa watu wazima na mara chache kwa watoto. Tunajua pia kwamba sindano ya filgrastimu, ile inayochomwa ili chembe nyeupe zipande haraka, inaweza kuuamsha. Ugonjwa huo una tabia ya kutokea palipochomwa sindano au palipojeruhiwa. Antibiotiki haziugusi, lakini mtu akipewa steroidi ya kumeza homa na maumivu hupungua ndani ya siku mbili tatu.

Ugonjwa wa Sweet una ndugu zake. Mmoja hutoa kidonda chenye kingo za zambarau kinachozidi kupanuka kila kinapokwanguliwa, na watu wamewahi kupasuliwa tena na tena kwa kidonda cha aina hii kwa sababu kila aliyekiona alidhani kimeoza. Mwingine hukaa kwenye tezi za jasho baada ya dripu za sitarabini. Kwa sababu hii, mama, popote mtakapopita, zahanati au kituo cha afya, manundu hayo yasikamuliwe wala yasipasuliwe na mtu ambaye hajazungumza na timu yake.

Umeona tatizo lilipo. Steroidi ndiyo dawa ya hili la nne, na steroidi hiyohiyo ni hatari kwa lile la kwanza. Krimu ya dawa tatu uliyouziwa ina steroidi ndani yake, na mara nyingi ni ile kali. Kwenye maambukizi inafanya kama mtu anayemfunga mbwa mdomo wakati mwizi bado yuko ndani: kelele zinaisha, nawe unalala ukidhani kuna usalama. Manundu kufifia siku mbili na kurudi kwa nguvu hakutuambii kama ni maambukizi au ni lile la Sweet, kwa maana yote mawili yangeweza kufifia hivyo. Kwa hiyo kijana wa duka la dawa hakukusaidia, na dawa ya aina hiyo haikupaswa kuuzwa kwa mtoto aliye kwenye kemo bila karatasi ya daktari. Nenda nayo hospitali hiyo krimu, ndani ya boksi lake, ili wasome kilichomo. Hawatakugombeza, wanahitaji kujua.

Kinachotenganisha hayo manne ni damu na kipande cha ngozi. Watapima picha kamili ya damu, wataotesha damu kutafuta bakteria, kisha wanaweza kuomba kuchukua kipande cha nundu moja. Najua kule kwetu mtu akisikia neno kukata anasema saratani ikiguswa inasambaa. Si kweli. Ni kipande cha milimita 4 hivi, kwa sindano ya ganzi, baada ya kuhakikisha chembe sahani zinatosha ili asitoke damu nyingi. Mzazi akikataa hapo, daktari analazimika kubahatisha kati ya dawa mbili zinazopingana. Uliza jambo moja tu, kwa adabu: "Je, kuna kipande cha kuotesha vijidudu pia?" Kipande kinachokwenda kuangaliwa kwa darubini huwekwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, na formalini huua vijidudu vyote. Kikiwekwa chote humo, nafasi ya kumwotesha bakteria au fangasi imepotea.

Wakati majibu yanasubiriwa, kwa kawaida antibiotiki huanza kwanza, na steroidi hungoja. Ukiona siku mbili za kwanza wanampa dawa za bakteria na manundu hayatulii, usidhani wamemtelekeza.

Nataka kusema kuhusu rangi ya ngozi, maana hapa watoto wetu wanacheleweshwa. Maelezo mengi ya magonjwa haya yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. "Wekundu, wekundu." Kwenye ngozi ya mtoto wetu wekundu huo huonekana zambarau, kahawia iliyokolea, au kijivu, na mara nyingine hauonekani kabisa. Tumia mkono. Pitisha mgongo wa kiganja chako taratibu na usikie palipo pa moto, palipo pagumu, palipovimba, anaposhtuka. Mtazame kwenye mwanga wa mchana karibu na dirisha, au mulika tochi ya simu kutoka ubavuni ili uvimbe utoe kivuli. Kupauka kwa damu kutafute kwenye viganja, ulimi na ndani ya kope za chini. Vidoa vya damu, vile vidogo kama ncha ya sindano visivyopotea ukivibonyeza, kwa mtoto mweusi viangalie kwenye kaakaa la mdomo, ndani ya kope, viganjani na nyayoni. Vikionekana vingi ghafla, au akiwa na mavilio (alama za damu iliyovilia chini ya ngozi) bila kuanguka, au fizi na pua zikitoa damu, chembe sahani zimeshuka na hiyo nayo ni safari ya siku hiyohiyo.

Chukua kalamu ya wino uchore mpaka wa kila uvimbe na uandike saa pembeni. Piga picha kila siku mahali palepale, mwanga uleule. Picha hizo zina thamani kuliko maelezo, kwa sababu vipele vina tabia ya kutoweka siku ya kliniki. Na yakishapona, manundu yataacha madoa meusi kwa miezi. Hayo ni makovu ya rangi tu. Tafadhali usiyapake krimu za kung'arisha ngozi.

Sasa lile la kujikuna usiku, katikati ya vidole na kiunoni, lililoanza wiki moja kabla. Hilo naona ni jambo la pembeni kabisa, na linafanana sana na upele, ule wa mdudu anayechimba kwenye ngozi. Pumu ya ngozi ya mtoto wa umri wake hukaa zaidi kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, kama ulivyoieleza mwenyewe. Upele hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiuno na sehemu za siri, na huwasha zaidi usiku. Krimu yenye steroidi hutuliza mwasho huku mdudu akizaana, na kwa mtoto mwenye kinga ndogo anaweza kuwa maelfu, ngozi ikafanya maganda mazito yasiyowasha sana. Waonyeshe madaktari vidole pia, wasiishie kwenye manundu. Ikithibitika, watachagua dawa inayomfaa, na nyumba nzima mtapaka usiku mmoja, anayewashwa na asiyewashwa, nguo na mashuka mkivianika juani baada ya kuvifua kwa maji ya moto. Mikwaruzo ya kucha ndiyo mlango wa bakteria, kwa hiyo kucha zikatwe fupi leo.

Kuhusu jirani, saratani ya damu haiambukizi, kwa kucheza, kwa sahani wala kwa kulala kitanda kimoja, na ugonjwa wa Sweet hauambukizi pia. Mwambie hivyo, au mtume mwenyekiti wa mtaa amwambie. Lakini upele unaambukiza, na ukweli mwingine ni kwamba kwa sasa mwanao ndiye anayepaswa kulindwa dhidi ya watoto wa jirani. Tetekuwanga na surua, ambazo kwa mtoto mwingine mara nyingi huisha kwa kukaa nyumbani, kwake zinaweza kuingia mapafuni na kwenye ini. Mama mkwe hakukosea kuitaja tetekuwanga, ila yenyewe huja na malengelenge madogo ya maji yanayowasha, mengine yanachipuka huku mengine yameshakauka. Haizuiliwi ndani wala haihitaji kutolewa nje. Siku ukisikia mtoto aliyecheza na wako ametoka tetekuwanga, piga simu wodini siku hiyohiyo kabla hata ya kipele kimoja kuonekana, kwa sababu ipo dawa ya kukinga na ina siku zake. Mkanda wa jeshi vilevile, maana ni kirusi kilekile.

Mdogo wake ahakikishwe amepata chanjo zote mbili za surua na rubela, ya miezi 9 na ya miezi 18. Chanjo hiyo ya mdogo haimdhuru mkubwa, inamkinga. Mkubwa mwenyewe hatachanjwa chanjo yenye kirusi hai mpaka timu yake iseme. Ila mkienda kliniki ya watoto, mwambie muuguzi kwamba nyumbani yupo mgonjwa wa saratani ya damu kabla mdogo hajapewa matone ya polio, kwa kuwa kirusi cha matone hutoka kwa wiki kadhaa kwenye choo cha mtoto. Ipo chanjo ya polio ya sindano isiyo na tatizo hilo. Kwa sasa kila mmoja alale kitanda chake.

Mama mkwe anampenda mjukuu wake, na naomba umjibu kwa upole. Mwarobaini juu ya ngozi iliyochubuka, kwa maji yaliyokaa na majani, ni mlango mwingine wa vijidudu. Huo mzizi wa kunywa ndio ninaoupinga kwa nguvu zangu zote. Ini la mtoto wako kila siku linachakata merkaptopurini na kila wiki methotreksati, na mzizi usiojulikana kipimo unaweza kuliumiza au kuzigeuza dawa hizo kuwa kali kuliko ilivyokusudiwa. Unaweza kumwambia bibi kwamba miti haijadharauliwa. Vinkristini anayochomwa mjukuu wake ilitolewa kwenye ua la Madagaska, lile la waridi au jeupe linaloota hadi kwenye mchanga wa pwani yetu. Lakini ilichukua maabara nzima kuitenga ile chembe moja inayotibu na kuipimia kwa uzito na kimo cha mtoto, na majani ya ua hilohilo yakichemshwa nyumbani ni sumu.

Na pumu ya ngozi haigeuki kuwa saratani ya damu. Mafuta uliyompaka, mazuri na mabaya, hayakuileta. Saratani hii huanzia ndani ya uboho, kwenye chembe changa ya damu iliyopata hitilafu wakati wa kugawanyika, na kwa watoto wengi hakuna jambo mzazi alilofanya au kuacha kufanya linaloweza kulaumiwa. Mwambie mume wako hofu yako. Huenda na yeye anaificha ileile.

Ninyi wazazi wengine mnaosoma, kuna neno lenu hapa. Mtoto mwenye vipele vya muda mrefu akianza pia kupauka, kupata homa zisizoisha, mavilio na maumivu ya mifupa, asipewe vidonge vya predinisoloni "vya mzio" kabla ya kupimwa picha kamili ya damu. Predinisoloni ni steroidi, na ni mojawapo ya dawa za saratani ya damu. Ikitolewa bila kujua, huificha kwa wiki kadhaa, mtoto akaonekana amepona, kisha ugonjwa unarudi na ni vigumu zaidi kuubaini.

Utunzaji wa ngozi yake akisharudi nyumbani ni mwepisi: maji vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, asisuguliwe kwa dodoki, na mafuta ya mgando kabla mwili haujakauka. Jua la mchana alikwepe au avae kofia na mikono mirefu, kwa sababu methotreksati na merkaptopurini huifanya ngozi iungue upesi. Methotreksati iwe siku ileile ya wiki uliyoambiwa. Ikinywewa kila siku kwa makosa, mdomo na ngozi hubambuka na uboho huzimika, kwa hiyo iandike siku hiyo kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Uliuliza kama unawasumbua. Katika nchi zenye uwezo, watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato kama chetu, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, ni chini ya 30. Sehemu ya tofauti hiyo ni watoto waliokuwa wanaendelea vizuri na saratani, kisha wakachukuliwa na maambukizi ambayo mtu aliona aibu kuyapigia simu. Hospitali za Muhimbili, Bugando na KCMC zina timu za saratani za watoto, na pale KCMC Moshi kipo tangu 1992 kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi ambao wengi sasa wamo kwenye hospitali za mikoa. Madaktari hawa wanapigiana simu. Ukifika hospitali yoyote, usikae kwenye foleni katikati ya watoto wanaokohoa. Nenda moja kwa moja dirishani useme: "Mtoto wangu yuko kwenye kemo na ana homa." Sentensi hiyo ndiyo tiketi yako, nawe irudie mpaka mtu asimame.

Kabla hawajakuruhusu safari hii, omba nakala ya majibu ya kipande cha ngozi uiweke na kadi yake ya kliniki. Kama ni ugonjwa wa Sweet, unaweza kurudi, na daktari wa zamu atakayemwona siku hiyo anaweza kuwa hajawahi kukutana nao. Omba pia namba ya simu ya wodi inayopokelewa usiku, uihifadhi kwenye simu yako, ya baba yake na ya mama mkwe. Kuhusu nauli, muulize afisa ustawi wa jamii wa hospitali yenu kabla ya kukopa. Mara nyingi wanajua nani anasaidia wazazi wa watoto wa saratani, na hawawezi kukusaidia kama hujawaambia.